Kambeba wa Barzani

Nchi ilibadilishwa jina. Mto nao ukabadilishwa jina, pesa zikabadilishwa jina, na barabara zilizoitwa kwa majina ya Wabelgiji waliokufa zikapewa majina mengine. Mwisho wa yote Faustin mwenyewe alibadilishwa jina, kwa sababu kazini majina ya ubatizo yalipigwa marufuku na kila mtu akawa raia fulani. Yeye akawa raia Mwape. Katika mabadiliko hayo yote kitu kimoja tu hakikusogea hata shibiri. Kigari chake kilibaki palepale juu ya matofali, kwenye barza ya nyumba yao ya Kamalondo, na kila aliyeuliza kitakwisha lini alipewa jibu lilelile.

"Bado kidogo."

Julienne, mkewe, alilichukia neno hilo kuliko tusi. Tusi husemwa likaisha. "Bado kidogo" lililala naye, likaamka naye, likakaa naye mezani kula bukari, ugali wao.

Kigari chenyewe kilikuwa Fiat ya zamani, ya kabla ya vita, ya kubeba watu wawili waliokonda. Mwitaliano mmoja mwenye duka la viatu alikiacha alipoondoka mjini, kikiwa bati tupu lenye kutu na kuku ndani yake. Kwa lugha ya kwao alikuwa akikiita kapanya, na watu wa mtaa wakatafsiri kwa Kibemba bila kuombwa na mtu: Kambeba. Jina likashika. Wapita njia walisimama nje ya ua wakauliza, "Kambeba ameamka vizuri?" Habari za Julienne hawakuuliza.

Mtu mwingine angekipaka rangi, angetia mota yoyote inayonguruma, akaenda zake. Lakini Faustin alikuwa mchoraji wa mitambo katika ofisi za mgodi, na mchoraji, Mungu amsaidie, hawezi kufunga skrubu ambayo hajaichora. Kila kitu alikichora kwanza, kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. Kisha akakitengeneza. Kisha akakitazama, akasema hakifanani na mchoro, akaanza upya. Kishikio cha mlango wa kushoto kilimla mwaka mzima na kumfikisha Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kile alichokuwa nacho, alimwambia mkewe, kilikuwa "ya gari ingine, mama Delphine, haiko yake." Madgadi aliyafua mwenyewe kwa nyundo ya mbao kutoka kwenye bati la pipa. Dashibodi aliichonga kwa mti mwekundu wa mulombwa, akaizungushia ukanda mwembamba wa shaba, na kila Jumapili baada ya misa aliung'arisha ukanda huo kwa kitambaa ambacho Julienne alikuwa na kazi nacho.

Na kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kingekuwa kibaya, angelia kwa wakwe, na wakwe wangemwelewa. Lakini wakwe walikuja, wakakizunguka, wakapiga midomo kwa mshangao, wakamwambia ana bahati ya kuolewa na mtu mwenye mikono.

Mikono! Julienne naye alikuwa na mikono. Alikuwa mshonaji, na barza ile ilikuwa mahali pake pa kazi tangu walipooana. Pale palikuwa na mwanga, upepo, na watu wa kupita wanaoona kitambaa kikining'inia wakaingia. Kambeba alipoletwa aliambiwa ni kwa mwezi mmoja tu. Cherehani likahamishiwa chumbani, likabanwa kati ya kitanda na kabati, na wateja wakaanza kupungua. Mwanamke gani mwenye heshima zake atapimwa kiuno pembeni ya kitanda cha mume wa mtu? Walikuja mara moja, wakatazama mto, wakatazama dari, na safari ya pili wakaenda kwa fundi Kabwe wa kwenye kona. Kabwe alishona mikono ya blauzi kama miguu ya suruali, lakini alikuwa na barza. Binti yao Delphine alikua, akaolewa Likasi, akazaa, na mama yake bado anashona kwa taa ya chumbani mchana kweupe.

Jumamosi moja, mvua za kwanza zilipokuwa zinanusanusa mji, Faustin alitia petroli.

Julienne aliona kwa macho yake. Aliacha pasi, akatoka na kanga ya mteja mkononi. Oili ilikuwa imeshaingia, maji yameingia, mota imefungwa na kufungwa tena, na sasa petroli. Majirani walijipanga kwenye ua. Faustin alikizunguka kigari, akaweka kiganja juu ya boneti kama anampima mtoto homa. Alifungua mlango. Akaufunga. Akaufungua tena, akainamisha sikio.

"Mulango inalia," akasema.

"Washa, baba Delphine."

"Inalia kidogo. Nitaitosha pahali pake, nione bawaba yake."

"Washa kwanza! Mulango italia ku njia!"

"Bado kidogo," alisema Faustin, akaenda kuchukua bisibisi.

Julienne alirudi chumbani, akajifunika uso kwa mto, akapiga kelele ndani ya mto mpaka koo likamuuma. Alipotoka, mlango wa Kambeba ulikuwa umelazwa juu ya gazeti na mumewe alikuwa anachonga penseli.

Wiki hiyohiyo mjomba wake Faustin, mzee Ngosa, akafariki, na kilio kikawekwa nyumbani kwao. Watu wakamiminika na mikeka. Mvua nayo ikaacha kunusanusa, ikanyesha. Kwenye kilio cha watu wengine mvua ikinyesha, akina mama huingia barzani, wakalala pakavu. Kwenye kilio cha mzee Ngosa akina mama walijibana kando ya madgadi, wengine miguu nje wanalowa, na shangazi mmoja mzee sana alikutwa asubuhi amelala ndani ya Kambeba, visigino vimetokeza mahali pa mlango usiokuwapo. Alisema alilala vizuri. Julienne alisikia aibu mpaka kwenye kucha.

Sasa, Faustin alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na watani wa Mbuzi ni watu wa ukoo wa Chui. Chui na mbuzi, hakuna haja ya kueleza. Mbuzi anapofiwa, Chui huja kumfanya acheke, apende asipende: humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, hudai sehemu ya nyama kabla ya nyama kuiva, na kilio kinapofungwa huchukua kitu chochote wanachokitaka humo nyumbani. Hakuna wa kuwakatalia. Mwenye kitu hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika ameanguka, na ukoo mzima umeanguka naye. Wala haendi kukidai mwenyewe. Anayekwenda ni mkewe, na jogoo na kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na asimame mbele za watu akikisifu kitu hicho mpaka Chui aseme ameshiba.

Julienne alikuwa akikoroga sufuria kubwa jikoni, moshi umemjaa machoni, alipofikiria sehemu hiyo ya mwisho. Anayekwenda ni mkewe. Na mkewe ni nani? Na mkewe huyo asipokwenda?

Aliweka mwiko chini, akamtafuta Chileshe.

Chileshe alikuwa dereva wa teksi, rafiki wa Faustin tangu shule ya mapadri, na msemaji wa Chui katika vilio vyote vya mtaa. Siku hiyo alikuwa amevaa kofia ya marehemu na ametundika sufuria shingoni. Kwa desturi ya utani alimwita mke wa Faustin mke wake mwenyewe.

"Ba Chileshe," Julienne alimwambia, "bachui ya siku hizi bako na woga. Kofia. Sufuria. Benye kuwa zamani bangechukua kitu ya nguvu."

"Kitu ya nguvu kama nini, bibi yangu?"

Julienne aligeuza tu macho upande wa barza. Chileshe alifuata macho yale, akaacha kutafuna.

"Hapana," akasema. "Weye. Ile itamuua."

"Utani hauuaka muntu. Ni weye unasemaka vile kila siku."

"Na utakuja kuikomboa lini?"

"Ile ni shida yangu," Julienne alijibu, akarudi kwenye sufuria yake na moyo mwepesi.

Asubuhi ya kufunga kilio, Faustin alikuwa ameurudisha mlango wa Kambeba ili shangazi asipigwe na upepo. Chui walikuja na nyimbo. Walimwimbia mbuzi aliyejenga nyumba ya bati ndani ya nyumba ya matofali. Walikiinua kigari kutoka juu ya matofali, wanaume wa kila upande, wakakiteremsha kutoka barzani, na Chileshe akaingia ndani na miwani ya kuazima puani, akajifanya anachora, anafuta, anachora tena. Kilio kizima kilicheka. Hata shangazi alicheka, ingawa alikuwa amepoteza kitanda.

Faustin alicheka pia. Ilimpasa. Alisimama mlangoni akacheka kwa meno yote, na mikono yake ikashikana nyuma ya mgongo, ikabanana. Kigari kilipotokeza barabarani, magurudumu yake yakigusa vumbi la Kamalondo kwa mara ya kwanza, bado alikuwa anacheka. Julienne alimtazama mara moja tu. Kisha akatafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

Kesho yake alisugua barza. Alisugua doa la oili kwa mchanga na majivu, akaondoa matofali, akaosha ukuta, akalitoa cherehani chumbani kama anamtoa mgonjwa hospitali. Mwanga ukaingia kwenye sindano. Kabla ya saa sita mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akauliza kama anaweza kushonewa libaya, ile blauzi ya kitenge, kwa ajili ya ubatizo, akapimwa palepale mbele ya watu na mbele ya Mungu, bila kutazama mto wa mtu yeyote. Julienne alifurahi. Aseme nani kwamba hakufurahi? Aliimba mpaka jirani akauliza kama Delphine amejifungua tena.

Furaha hiyo haikupata hata nafasi ya kuzeeka.

Faustin alirudi kutoka kazini, akala, akashukuru, akavuta kiti, akaketi barzani. Alimtazama mkewe akishona. Siku ya kwanza aliishia hapo, na Julienne alimhurumia. Siku iliyofuata alisema kwamba mkono wa kulia wa lile libaya ni mrefu kidogo kuliko wa kushoto. Alisema hivyo mbele ya mteja. Halafu akachora pindo. Halafu akaleta rula ya chuma ya kazini, akapima vifungo ambavyo tayari vilishashonwa, akavuta pumzi kwa meno. Wateja wakaanza kumwuliza yeye. Mama Agnès wa mtaa wa pili alimwuliza yeye, raia Mwape, kama shingo hii itamkaa vizuri, na yeye akasema, "Ngojeni nichore."

"Baba Delphine, hauna kazi?" Julienne aliuliza.

"Nilikuwa nayo," Faustin alijibu kwa upole. "Ba Chui baliibeba."

Julienne aliuvuta uzi mpaka ukakatika.

Jumapili Julienne alikwenda misa peke yake, maana mumewe alisema kichwa kinamgonga. Aliporudi alikuta magazeti yametandazwa barzani kutoka ukuta mpaka ukuta. Juu ya magazeti kulikuwa na skrubu, zimepangwa kwa urefu. Kulikuwa na gurudumu. Kulikuwa na chuma kimoja kilichopinda ambacho Julienne hakuwahi kukiona maishani mwake, na bado alijua, kama mama anavyojua, kwamba kimetoka tumboni mwa cherehani lake. Faustin alikuwa amepiga magoti katikati, penseli sikioni.

"Umefanya nini?"

"Ilikuwa inalia."

"Inalia! Iko cherehani! Inaliaka! Kazi yake ni kulia!"

"Kidogo tu, pahali pa sindano. Nitachora kila kitu, nitasafisha, nitarudisha."

"Lini?"

Alijua jibu kabla halijatoka. Alifumba macho.

"Bado kidogo, mama Delphine."

Julienne hakupiga kelele. Hasira ilikuwa imepita mahali pa kelele. Libaya la ubatizo lilikuwa halijapigwa pindo, mwanga wa barza ulikuwa wake, upepo ulikuwa wake, na cherehani lilikuwa limelala chini vipande vipande kama kuku wa sikukuu. Aliona miaka mingine mbele yake, aliiona wazi kabisa: kishikio cha cherehani kutoka Ndola. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkamata jogoo, akakopa munkoyo kwa jirani, akaondoka bado amevaa nguo za misa.

Mke wa Chileshe alikuwa wa kwanza kumwona. Alikuja mbio mpaka njiani.

"Dada, Mungu akubariki. Ulikuwa wapi? Ile kitu inatumaliza!"

Chileshe alikuwa amefunga ndani ya Kambeba betri ya teksi yake, kwa sababu moja tu: honi. Kila Mbuzi aliyepita njia ile, mtu mzima au mtoto, alipigiwa honi. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye usukani. "Sifu haraka," mama yule alinong'ona, "akuwe na kushiba, iondoke."

Watu walijaa bila kuitwa. Chileshe alitoka amevaa kofia ya marehemu, akapokea jogoo, akampima uzito, akasema ni mwembamba kama mwenye gari. Akanywa munkoyo. Akaketi.

"Sifu, bibi yangu. Chui iko na njaa."

Julienne alikitazama kigari. Kigari kikamtazama kwa taa moja kubwa na moja ndogo ya pikipiki, iliyowekwa kungoja mwenzake achorwe.

"Iko… ndogo," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Chileshe akatikisa kichwa. "Ile ni tusi. Sifu!"

"Iko na mulango mbili."

"Njaa inaniuma!"

"Ah, njaa!" Julienne akaipandisha sauti, na ile hasira iliyokuwa imepita mahali pa kelele ikarudi, ikapata njia. "Unataka sifa? Nitakupa sifa! Unaona ile madgadi? Aliipiga na nyundo ya muti, akaitupa. Akapiga ingine, akaitupa. Miye nilipika bukari na ile kelele, nililala na ile kelele. Ile ya kushoto ni ya tano! Pitisha mukono, ba Chileshe. Pitisha! Utasikia pahali nyundo ilipita? Hausikie. Hakuna muntu atasikia. Unaona kiti? Ngozi yake nilishona miye, na alinifumulisha mara tatu juu ya mushono ilikuwa inaenda kombo, na ilikuwa kombo ya kweli, miye sikuona! Kishikio ya mulango, alienda kuitafuta Ndola, akarudi anaibusu. Anaibusu! Miye nimesimama pale, sibusiwe! Hii shaba, aliipiga mpaka ikakuwa sawa karatasi. Hakuna gari ingine sawa hii mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, hata kule ku Golf, benye kuwa na manyumba ya orofa hawana nayo. Bwana yangu hanywe. Hapige muntu. Halale inje. Iko na hii tu, na iko muzuri, iko muzuri mpaka inanitia wazimu, na kama kuko mwanamuke hapa mwenye bwana wa kufanya kitu muzuri kupita hii, atoke, nimuone!"

Hakutoka mtu. Vigelegele vikapanda, mke wa Chileshe akipiga kuliko wote, kwa sababu zake mwenyewe. Chileshe alivua kofia ya marehemu.

"Nimeshiba," akasema, na safari hiyo hakutania.

Kitu kilichokombolewa hurudishwa na aliyekikomboa. Kwa hiyo Julienne ndiye aliyeingizwa ndani, na nguo zake za misa, magoti yakagusa ile dashibodi ya mulombwa. Chileshe aliinama dirishani, akasukuma kijiti fulani mbele na nyuma, akamwambia akanyage kikanyagio cha kushoto.

"Shika usukani. Nikisema acha, utoe muguu."

"Juu ya nini nitoe?"

"Juu iko desturi," alisema Chileshe, mwongo mkubwa.

Chui walisukuma. Kambeba akateremka barabarani taratibu, kisha si taratibu. Kelele zikaja nyuma: "Acha!" Julienne akatoa mguu.

Kigari kiliruka. Kilikohoa mara moja, moshi mweusi ukafunika ukoo mzima wa Chui, halafu kikanguruma. Kikawaka. Mota iliyochorwa mbele na ubavu na juu, iliyofungwa na kufunguliwa na kufungwa, ikawaka kwa mwanamke aliyeitukana kila siku ya Mungu, na ikaenda naye. Usukani ulimtetemeka mkononi. Nyumba zikapita. Fundi Kabwe alipita, mdomo wazi, futi ya kupimia shingoni. Julienne alipiga kelele, na ilimchukua muda kutambua kwamba anacheka.

Faustin alikuwa amesimama nje ya ua na bisibisi mkononi. Aliusikia mngurumo kabla ya kuona. Aliona Kambeba anakuja kwa miguu yake mwenyewe, akaona aliye ndani, na bisibisi ikaanguka.

"Simama!" akapaza sauti.

"Namna gani?"

Kambeba akapita nyumbani. Faustin akakimbia pembeni, malapa yakamtoka, mkono mmoja juu ya dirisha. "Ya katikati! Kanyaga ya katikati! Ya katikati, mama Delphine!"

Julienne akakanyaga cha katikati kwa nguvu zake zote. Kigari kikapiga kwikwi, kikazima. Faustin alihema, mashavu yamelowa, na haikuwa jasho peke yake.

"Iko namna gani?" akauliza. "Wakati inatembea. Mule ndani. Iko namna gani?"

Julienne alikuwa na maneno ya miaka tayari mdomoni. Yakatoka mengine.

"Iko muzuri, mujinga weye. Iko muzuri sana. Juu ya nini haukuiwasha?"

Faustin alitazama mikono yake. "Niliogopa itakataa. Yote ile kazi, halafu ikatae."

Julienne akamhurumia, na huruma ikamsukuma kusema. "Baba Delphine. Ni miye nilimwambia Chileshe aibebe."

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Chileshe aliniambia siku ileile. Mutani iko na siri?" Faustin alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilipaswa kucheka tu. Na mwenye kitu haendaka kuidai, anaendaka bibi yake. Basi nikatafuta namna ya kukutosha ku barza, utoke, uende kwa Chui."

Julienne aliiona tena ile rula ya chuma. Aliona mama Agnès na shingo yake. Aliona magazeti kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Cherehani yangu haikukuwa na shida," akasema polepole.

"Hapana. Iko muzima kabisa. Ile ni mashine ya kweli, mama Delphine, nimeichora yote." Na mwanamume huyo, bila haya, alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akainama aingie. "Tuzunguke kidogo. Hata mpaka ku Golf, bamatajiri baone."

"Unapanda wapi?"

"Ndani."

"Na nani atasukuma?"

Faustin alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Chileshe na wenzake walikuwa wamefika wakihema, nyuso nyeusi kwa moshi, na Chileshe akajitolea kusukuma.

"Yeye peke yake," alisema Julienne, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Njia inateremuka. Na leo, mbele ya kula, unanirudishia cherehani yangu, yote, bila kuchora. Barza ni yangu. Kambeba atalala inje, sawa gari zote za bantu."

Faustin alifunga mlango. Akapita nyuma, peku, akaegemeza mabega yake, akasukuma. Julienne alikanyaga cha kushoto, akangoja, akaachia. Mota ikawaka. Mumewe akabaki nyuma akikimbia, akiita jina lake, lile la ubatizo, barabarani mchana kweupe. Julienne sasa alikuwa anajua vizuri cha kusimamisha kiko wapi, na hakukikanyaga.